Taulo Lililolala Nje

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Kinyozi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, kitinda mimba wa fundi viatu na mkunga. Alisoma hadi darasa la nane. Mteja wake wa kwanza alikuwa mwalimu wake wa hesabu, aliyenyolewa kwa mkasi wa kushonea wa mama, na wiki nzima mwalimu huyo alifundisha akiwa na kofia.

Mwaka 1974 alifungua duka la kunyolea karibu na kituo cha mabasi: kiti kimoja cha kuzunguka, kioo chenye ufa, na taulo la buluu lililoanikwa mlangoni kuonyesha kwamba yupo. Hakuwa msemaji, na ndiyo maana watu walimsemesha. Walimwambia ya wake zao, ya mabosi wao, ya watoto waliowakana. Mtaani walitania: "Kanyolewe kwake, utatoka mwepesi kichwa na moyo."

Tarehe 6 Agosti 1977 alimwoa muuguzi, wakajaliwa binti mmoja. Mkewe alifariki tarehe 2 Juni 2009. Baada ya maziko alifungua tena duka. Mteja wa kwanza alikaa kitini, akampa pole, kisha akaanza kumsimulia ugomvi wake na mkewe. Marehemu alimnyoa mpaka mwisho, akakung'uta shuka, akaingiza taulo ndani. Mwezi huohuo alihamia chumba kimoja nyuma ya machimbo ya kokoto yaliyoachwa, yeye na kiti chake.

Binti alibaki na kabati la nguo za mama na hakuna wa kuzipanga naye. Alimfuata na hasira zake.

"Baba, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea, mwanangu."

"Basi twende nyumbani. Watu wanasema una wazimu."

"Waache waseme, si ndiyo kazi yao? Nywele zao nilizifagia kila jioni. Maneno yao niyafagie na ufagio gani?"

"Na yangu je?"

Baba aligeuka, akaanza kupangusa kiti. Binti aliondoka akiamini kwamba naye amefagiwa pamoja na wateja.

Kwa miaka mingi hakurudi. Lakini baba aliendelea kuanika taulo alfajiri na kulianua jioni, na binti alimwomba muuza maziwa wa njia ile awe analiangalia.

Mwaka 2023 miguu ya marehemu ilianza kuvimba. Daktari alisema ni moyo. Binti alikwenda, maneno yamemjaa kifuani. Baba alimkalisha kitini, akamfumua nywele, akaziosha, akamsuka mistari kama asubuhi zile za shule, mama akiwa zamu. Tangu hapo binti alikwenda kila Jumapili, na lile swali hakulirudia.

Jumapili, tarehe 13 Oktoba 2024, muuza maziwa alimpigia simu asubuhi.

"Dada, taulo la mzee limelala nje, limelowa umande."

Marehemu alikuwa amefariki jioni ya kuamkia siku hiyo, akiwa kitini, kabla ya kulianua. Binti hakulia, na mpaka leo hajalia. Alichemsha maji, akamnyoa ndevu taratibu, akafagia, kisha akatoka kulianua taulo.

Marehemu ameacha kaka, binti, mkwe na wajukuu wawili. Familia inaomba salamu za rambirambi ziwe fupi.

Apumzike kwa amani, na asisemeshwe.