Historia ya Mama Yetu, Msusi Aliyeficha Kichwa Chake

Ndugu, jamaa na marafiki, mimi ni kitinda mimba wake, familia imenituma nisome, nikikwama naomba mnisubiri.

Mama yetu alizaliwa tarehe 9 Mei 1966, binti wa fundi cherehani, akamaliza darasa la saba mwaka 1980, akajifunza kusuka kwenye vichwa vya wadogo zake mlangoni pa jikoni. Mwaka 1988 alifungua saluni yake, chumba kimoja chenye kioo kilichopasuka pembeni na benchi la wanaosubiri, ambako wateja walimwita Mkono Mwepesi, kwa kuwa hata mtoto mtundu alisinzia mapajani mwake. Tarehe 14 Septemba 1990 alifunga ndoa na baba yetu, dereva wa lori aliyemtangulia mwaka 2009, wakajaliwa watoto watatu.

Mwaka 2014 utosi wake ulianza kuwaka moto, nywele zikakatika, ngozi ikabaki laini, inang'aa. Aliona haya, maana nani angemkalia msusi mwenye upara, akamfunulia mtu mmoja tu, shoga yake Somo, ambaye mama mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi, Somo akiwa hana hata kitana. Kila Jumapili Somo alifunga mlango, akambana rasta kuziba pale palipo wazi, mama machozi yakimtoka, naye akimwambia, vumilia shoga, urembo kazi, wakacheka wote wawili, wasijue kwamba kule kubana kulizidi kuuchochea ule moto.

Tarehe 3 Machi 2017 daktari wa ngozi alikata kipande kidogo cha ngozi kikapimwe, kisha akamweleza taratibu kwamba mashina ya nywele yamegeuka kovu, palipokufa hapataota tena, lakini palipobaki panaweza kuokolewa, na kwamba ugonjwa huu hauambukizi. Alimpa vidonge, dawa ya kupaka na sindano za kichwani, akamkataza kubana nywele, na ule moto ukatulia. Tangu hapo mama aliwaambia wateja, ikiuma sema, nilegeze.

Somo naye akafungua saluni mkabala, akawanong'oneza wateja kwamba Mkono Mwepesi ana ugonjwa wa kuambukiza, akiapa, nimeuona kwa macho yangu. Benchi likabaki tupu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, mama akasema chake kilikuwa kichwani. Mwalimu wa chekechea peke yake ndiye aliyeendelea kumleta binti yake, akavuta kiti hadi barabarani, asukwe watu wakiona.

Novemba 2022 mama aliugua moyo, akafariki tarehe 21 Juni 2024, akiwa ameomba azikwe kichwa wazi, na Somo ndiye ampake mafuta utosini. Asubuhi ya leo Somo alikuja, akalia sana, kisha akatoa glavu mkobani. Nikamwambia, mama mdogo, zirudishe tu, nikampaka mwenyewe, mwanangu akiwa mgongoni.

Tunamshukuru daktari wa ngozi, wauguzi wa wodi ya moyo, jirani aliyetufulia mashuka bila kuombwa, wasusi wenzake waliofunga saluni leo, na wewe mwalimu. Mkipita kumuaga, msiogope kumgusa.

Mama, mikono yako ilikuwa myepesi kwa kila kichwa. Pumzika kwa amani, hakuna atakayekubana tena.