Papa Zorobabel Kitsa na Lundo la Pili

Papa Zorobabel Kitsa aliingia kazini katika Kituo chetu cha Mbolea, njia ya Musienene, tarehe 8 Machi 1999. Ataiacha kazi hiyo Ijumaa, tarehe 27 Juni 2025. Ni miaka ishirini na sita na miezi mitatu ya kugeuza choo cha watu kuwa udongo wa kulimia. Katika miaka yote hiyo, ukiacha siku za ruhusa na safari za kazi, tulimkosa uwanjani mara mbili tu, mara moja kwa malaria na mara moja kwa msiba.

Chef Gustave, mkuu wa Kituo, ameniomba ukurasa mmoja wa programu ya sherehe. Alisema niandike mambo ya kufurahisha, watu wacheke kidogo kabla ya chakula, na habari ya Musienene nisiiguse. Nilimwitikia ndiyo, Chef. Basi nitaanza na ya kufurahisha kama alivyotaka, kisha nitaigusa. Jina la Papa limechafuka kwa habari ile, na anayepaswa kulisafisha ni mimi.

Kwenye makaratasi ya bureau, ofisini kwetu, tunaandika "kinyesi kilichotibiwa". Uwanjani tunasema mavi, na mji mzima wa Butembo unatuita Kwa Mavi. Zamani wenye motó, pikipiki za kubeba watu, walikuwa wakikataa kumbeba Papa Zorobabel jioni, hata akiwa ameoga na kubadili shati. Alitembea na kipande cha sabuni mfukoni, akikutana na mtu wa kukunja pua anamwonesha sabuni kabla ya kumsalimu. Kanisani alikaa benchi la nyuma, na wamama walimwachia nafasi ya watu watatu kila upande. Wamama haohao, walipoona mashu, zile kabichi, za jirani zake zimekuwa kubwa haziingii kwenye kikapu, walianza kupita mlango wa nyuma wa Kituo kuomba mfuko mmoja mmoja, kichwa kimefunikwa kitenge.

Binti yake Rébecca alipochumbiwa, wajomba wa bwana arusi walileta mbuzi kama desturi yetu inavyotaka. Lakini viazi walivyopikiwa hawakuvigusa. Walisema wamekwisha kula njiani, na wote tulijua njiani hakuna chakula. Papa hakukasirika. Aliwachukua mpaka shambani, akachota mbolea iliyoiva kwa kiganja, akainusa mwenyewe kwanza, kisha akawapitishia mmoja mmoja. Ilinuka udongo wa msitu baada ya mvua, basi. Wajomba walirudi mezani, viazi vikaisha, na mmoja wao aliondoka na mifuko miwili ya mbolea juu ya kichwa. Mbuzi zilibaki, uchumba ukasimama.

Aliwafundisha watu wa mitaa yetu kumwaga kopo la majivu kila wanapotoka chooni, na kutenga mikojo kwenye bidon, dumu la plastiki. Vyoo mia tatu arobaini vya namna hiyo vimesimama kwa mkono wake, pamoja na vile vya shule tatu za Mavivi, upande wa Beni. Huko alikwenda mara nyingi kwa njia ambayo wengine tuliikataa kwa woga wa vita. Askari wa barrière, kizuizi cha barabarani, waliotumwa toka mikoa mingine, walimpa jina la Kilingala, Papa Nyei, ndiyo Papa Mavi, wakacheka mpaka wakashika tumbo. Yeye aliwauliza kwa heshima kama na wao wana choo, na akiwakuta hawana, aliwachimbia. Kule Kasugho wakulima walimwambia ardhi yao ya msitu ni mupya, haihitaji mavi ya mtu. Leo wengi wao wako hapa Butembo, wamekimbia vita, wanalima vipande vidogo vya udongo uliochoka, na wanatujia kuomba kile walichokikataa. Papa hajawahi kuwakumbusha.

Sasa niseme namna ya kazi, kwa sababu bila hiyo habari ya Musienene haieleweki. Mavi yanayotoka vyooni tunayapanga na majani na majivu kuwa lundo. Lundo likijaa linafungwa, halafu linalala miezi kumi na miwili. Miezi ya kwanza linawaka ndani: Papa anachomeka fimbo ya chuma, akiichomoa mkono hauwezi kuishika. Moto huo unaua wadudu wa magonjwa, na mwaka mzima wa kulala unamaliza waliobaki. Mbele ya kila lundo kunasimama ubao wenye namba na tarehe ya kufungwa, na kabla ya tarehe hiyo kutimiza mwaka hakuna wa kuligusa, hata askofu angekuja kuomba. Papa alikuwa na neno lake la kila siku, kwamba mavi hayaharakishwi.

Mwezi wa nane 2021, wakimbizi wa upande wa Beni walijaa Butembo. Familia tisa zililala kwenye hangari yetu. Butembo ni baridi, mnajua, na watoto walikuwa wakikohoa. Usiku mmoja walizing'oa mbao zetu sita za namba na tarehe na kuziwasha. Sikuwalaumu siku ile, wala leo siwalaumu. Mbao zilikuwa kavu na watu walikuwa wakitetemeka.

Papa Zorobabel hakuwepo. Alikuwa Mavivi kumzika dada yake, na barabara ilifungwa nyuma yake wiki tatu kwa sababu ya mauaji. Daftari la tarehe nalo lilikuwa Beni, lilipelekwa kwa ajili ya rapport. Mvua za kupanda zikaanza. Mama Thérèse wa Musienene, mkulima wetu wa miaka mingi, akaja na wabebaji na chukudu tatu, zile baiskeli za mbao za kusukumia mizigo, kuchukua mbolea ya mashu yake. Nikampigia Papa simu, sauti inakatika, nikamuuliza nimpe ipi. Alinijibu kwamba lundo namba mbili limetimiza mwaka, nimpe hilo, mengine yangoje mpaka arudi na daftari.

Nilikwenda uwanjani nikahesabu. Moja, mbili. Nilianza mlangoni, maana mimi huingia kwa mlango. Papa Zorobabel tangu mwaka 1999 anahesabu kuanzia kijito, kwa sababu lundo la kwanza kabisa alilipanga kule chini, karibu na maji ya kunawia. Nilikuwa na miaka kumi katika kazi hii na sikujua hilo, kwa kuwa mbao zilikuwepo siku zote na hakuna aliyehitaji kuhesabu. Malundo ni sita. La pili kutoka mlangoni ndilo la tano kutoka kijito. Lilikuwa na miezi minne.

Kama ingekuwa hesabu tu, ningejisamehe. Lakini nilipopiga jembe la kwanza, mvuke ulitoka. Niliweka mkono, ukapata joto. Lundo lililoiva ni baridi, na mimi nalijua hilo kama ninavyojua jina langu. Nikasimama kidogo. Mvua ilikuwa ikinyesha, wabebaji walikuwa wakilalamika, Mama Thérèse alikuwa amenyoosha mifuko yake. Nikajiambia labda ni jua la jana. Siku iliyotangulia hapakuwa na jua. Nikajaza mifuko.

Papa alirudi siku ya kumi na mbili tangu mifuko iondoke, daftari kwapani, nguo zake za msiba hajazibadili. Alipita mbele ya malundo, akasimama penye shimo tupu, akatazama kijito, akatazama mlango. Alichukua njia ya Musienene kwa miguu, mvua ikimpiga, na akakuta mbolea imekwisha kumwagwa kwa mikono mitupu shamba zima. Papa Timothée, mume wa Mama Thérèse, ndiye aliyeimwaga. Alikuwa amelala na kuhara tangu siku tatu. Papa Zorobabel alimbeba mwenyewe, pamoja na majirani, mpaka kituo cha afya. Baada ya siku nane Papa Timothée alifariki.

Muuguzi alisema msimu ule kijito cha Musienene nacho kilikuwa kibaya, na wengine waliugua wasioshika mbolea yetu. Hakuna atakayejua kamwe. Miaka minne nimelishika neno hilo la muuguzi usiku na mchana, na halijaniponya.

Kukawa na mkutano, bureau nzima, pamoja na ndugu wa marehemu. Chef wa wakati ule aliuliza nani alitoa lundo bichi. Nilikuwa nimefungua mdomo, naapa mbele ya Mungu nilikuwa nimeufungua. Papa Zorobabel akasimama kabla yangu.

"Ni miye nilisema namba mbili," alisema. "Kosa ni yangu."

Wakaandika. Barua ya lawama ikawekwa kwenye dossier yake, faili lake la kazi, na nafasi ya mkuu wa uwanja, aliyokuwa ameahidiwa, ikapewa mwingine. Soko la Musienene likampa jina la Papa Sumu, na lipo hadi leo. Mimi nilimfuata kule kwa malundo, nikilia, nikamwambia narudi kusema ukweli. Alikuwa anakata mbao mpya. Hakuinua kichwa.

"Weye uko na batoto bane, bado badogo," alisema. "Bangu balisha komea, bako bakubwa. Nyamaza, tufanye kazi."

Nikanyamaza. Niliona ni rahisi kunyamaza, huo ndio ukweli. Mwezi wa kwanza nilisema nitasema Noeli. Noeli nikasema Pasaka. Nilipokea salamu za watu, nilipokea cheti cha mfanyakazi bora mwaka 2023, nikapiga picha nacho, na Papa alikuwa wa kwanza kunipigia makofi. Nina haya kuandika sentensi hiyo.

Toka msiba ule wa Papa Timothée, kila msimu wa kupanda, Papa Zorobabel aliomba ruhusa ya siku mbili. Tulidhani anapumzika. Alikuwa anakwenda Musienene kulima shamba la Mama Thérèse. Misimu saba. Miwili ya kwanza mama hakumsalimu wala kumpa maji. Alilima, akafunga jembe kwenye motó, akarudi. Wa tatu alikuta kikombe cha chai juu ya jiwe, hapana mtu karibu.

Jumamosi iliyopita, kabla ya kushika kalamu hii, nilikwenda mwenyewe. Nilimkuta Mama Thérèse uani anapukuchua maharage. Nilipiga magoti, nikamweleza yote kama nilivyoyaeleza hapa, pamoja na mvuke. Alisikiliza mikono ikiendelea na kazi. Nilingoja anifukuze, au anilaani, nilikuwa tayari kwa vyote viwili. Aliacha maharage, akanitazama.

"Sasa ule papa alikuwa ananilimia juu ya nini?" aliuliza.

Aliniambia niondoke, na nikaondoka. Sijui kama amenisamehe, na sikuomba anijibu siku hiyo. Alinipa ujumbe mmoja tu mlangoni, kwamba Ijumaa atakuja kwenye sherehe, na asitengewe kiti karibu na changu.

Donc basi, Chef Gustave, samahani. Ukurasa umekuwa mrefu na hauchekeshi. Ombi langu liko wazi, nalisema mbele ya wafanyakazi wote: barua ile itolewe kwenye dossier ya Papa Zorobabel Kitsa kabla hajavuka mlango, iwekwe kwenye yangu, na itangazwe sokoni Musienene siku ya soko, kwa sauti, kama lile jina baya lilivyotangazwa. Cheti changu cha 2023 nimekirudisha, kiko mezani kwako. Adhabu nitakayopewa nitaipokea. Watoto wangu wamekua kidogo, na hata wasingekua, imetosha.

Papa, najua utakasirika ukisikia maneno haya yakisomwa. Utainamisha kichwa na kukuna kisigino kama unavyofanya watu wakikusifu. Vumilia. Umetufundisha wote kwamba kitu kibaya kikifunikwa vizuri, kikapewa moto wake na mwaka wake, kinageuka kuwa chakula cha watu. Hili langu nililifunika miaka minne, Papa, na halikuiva. Liliendelea kuoza tu.

Jumatatu tulifunga pamoja lundo lako la mwisho. Ulinipa rangi na ubao, ukaniambia niandike mimi. Kabla ya kuandika nilishuka mpaka kijito, nikapanda nikihesabu kwa sauti, nawe ukinifuata nyuma. Limeandikwa namba nne, tarehe 23 Juni 2025. Litafunguliwa mwakani, na wewe hutakuwepo kuchomeka fimbo. Nitaichomeka mimi, na nikisikia joto lolote nitalifunika tena, hata mvua inyeshe, hata wabebaji watukane.

Wasingya, asante, Papa Zorobabel, kwa miaka ishirini na sita, kwa vyoo, kwa mashu, kwa sabuni ya mfukoni. Mungu akupe siku ndefu wewe na mke wako Mama Kanyere, mgongo upumzike, na wajukuu wakuletee maji ya kunawa. Sabuni, fimbo na mbao umetuachia. Lile kosa usiondoke nalo. Liache hapa, mwenyewe nipo.

Emérence Syauswa,
mtunza malundo