Radhi ya Mwalimu Mkazo

Dada yetu mkubwa, ambaye wengi wenu mlimwita Mwalimu Mkazo, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika chumba cha nyuma ya duka la baba, fundi cherehani. Alikuwa na kigugumizi. Mama alimfundisha kugonga paja kwa kidole, kila silabi na pigo lake, na maneno yakaanza kutoka.

Alihitimu chuo cha ualimu mwaka 1971, akafundisha Kiingereza miaka thelathini na minne katika shule ile ile. Jamani, nani hapa hakugongeshwa dawati? "Old-fashioned! Silabi ngapi? Tatu! Mkazo wapi? Ya pili! Old-FA-shioned!"

Tarehe 6 Agosti 1977 aliolewa na fundi simu. Shemeji alipomposa, dada alimtaka kwanza apige makofi kwa silabi za neno kind-hearted, yaani mwenye moyo mwema. Akakosea mara tatu.

"Sasa nimefaulu au nimefeli?"

"Umefeli. Lakini nimekubali."

Walijaliwa binti mmoja. Shemeji alitangulia mwaka 1998.

Mwaka 2010 binti alimleta mchumba nyumbani. Kijana wa watu, kwa heshima zote, akamsifu mama mkwe kwa Kiingereza kuwa ni soft-spoken, yaani msema kwa upole, ila mkazo akauweka mwanzoni. Dada huyo, meza ngo ngo ngo! Akamtaka alirudie neno mara nne mbele ya wazazi wake kijana, waliokuja naye. Binti na mchumba waliondoka kabla chai haijamiminwa, wasirudi tena.

"Mimi nilitaka tu alitamke vizuri," dada alisema, kisha akalia.

Tangu siku hiyo, kila gari lililosimama nje lilimwinua kitini akachungulie. Aliandika barua akazichana, kwani alisema radhi ya namna ile huombwa kwa mdomo.

Kiharusi kilimpata tarehe 2 Februari 2023, kikamnyang'anya sauti. Binti na mkwe walifika tarehe 9. Mkwe alipiga goti kando ya kitanda, akasema, "Shikamoo, mama." Dada alimng'ang'ania mkono, midomo ikahangaika weee, halikutoka hata neno.

"Basi, mama, usijisumbue."

Alifariki tarehe 11, saa tisa alasiri.

Ameacha binti, mkwe, wajukuu wawili aliowajua kwa picha tu, na mdogo wake anayewasomea haya. Mkwe wetu, neno lile hukulisikia. Mdogo mtu amelisikia miaka kumi na mitatu, dada akilifanyia mazoezi peke yake jikoni: "Mwanangu, nisamehe."

Sasa limefika. Dada na apumzike kwa amani.