Zbyněk Vondruška, Aliyengoja Hewa Irudi

Wafiwa wenzangu, majirani na wote mliopanda kilima hiki kwenye baridi, naitwa Ivona, binti wa Lubor, mdogo wake marehemu, na familia imenituma nisome mbele yenu safari ya baba yangu mkubwa, nami naomba mnivumilie nikisita.

Marehemu Zbyněk Vondruška alizaliwa tarehe 2 Februari 1941 katika kijiji cha Lipice, nje kidogo ya mji wa Příbram, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee František, mchimba madini ya fedha, na mama Hedvika, na baada ya miaka mitatu akapata mdogo wake wa pekee, Lubor, ambaye alimbeba mgongoni hadi majirani wakasema mtoto huyo hatajua kutembea.

Alianza shule ya msingi kijijini Septemba 1947, akahitimu shule ya ufundi wa madini mjini Juni 1960, si kwa alama za kutamba, bali kwa sifa ya kutokubali jibu ambalo hajalipima mwenyewe, tabia iliyowachosha walimu wake na baadaye ikamchosha mke wake.

Baada ya kutumikia jeshi aliajiriwa Oktoba 1962 katika mgodi wa urani, na mwaka 1968 akahamishiwa kitengo cha kupima mionzi, ambako kazi yake ilikuwa kushuka chini, kuvuta hewa kupitia kichujio, na kupima uchafu unaoachwa na radoni, gesi itokayo kwenye mwamba, isiyoonekana wala kunuka, ili kila mchimbaji ajulikane amevuta kiasi gani, na aliyefikia kikomo atolewe chini asirudi tena. Wengi hapa mnajua kwamba kwa mchimbaji kutolewa chini kulikuwa aibu, kama mtu kuvuliwa jina lake.

Tarehe 14 Mei 1966 alifunga ndoa na Květa Šimková, ndoa ya ukumbi wa mji mbele ya watu na ya kanisani kwa siri siku iliyofuata, maana serikali ya wakati ule haikupenda watu wa kanisa, na Mungu akawajalia watoto wawili, Alena mwaka 1967 na Vít mwaka 1971.

Sasa nisome jambo ambalo familia yetu haikulisema hadharani. Baba yangu Lubor alikuwa kiongozi wa kikosi cha wachimbaji wanne, na chini kule mpimaji alipoonekana tu, mtu aligonga bomba kwa nyundo, mlio ukakimbia hadi mwisho wa njia, na kikosi kikafungulia koki ya hewa ya mashine ikapuliza mahali pote, mpimaji akafika na kukuta hewa safi kuliko ya makaburi haya. Marehemu hakupeleka mashtaka kwa mkubwa yeyote, ila alifika, akafunga koki, akaketi juu ya gogo, akatoa mkate wake wenye mafuta ya nguruwe na vitunguu, kinyume cha kanuni ya kutokula chini aliyowafundisha wengine, akala taratibu hadi hewa irudi kuwa ile wanayoivuta kutwa nzima, ndipo akapima, na kwa ajili hiyo wakambandika jina la Svačina, yaani mlo wa saa nne. Siku moja baba yangu alimfokea, “Kaka, pima uende zako, wewe si askari, wewe ni ndugu yangu!” naye akajibu, “Ningekuwa si ndugu yako ningeshaondoka.”

Machi 1974 vipimo vya kweli vilimfikisha Lubor kwenye kikomo, akatolewa chini akiwa na miaka thelathini, akapelekwa chumba cha taa kuwagawia taa wanaume waliokuwa wakishuka, na wenzake watatu wakaomba kuhamia sehemu nyingine yenye mpimaji mwingine, ambako bomba liliendelea kugongwa kama zamani. Sikukuu ya Pasaka, mezani kwa mama yao, Lubor alisema, “Umenifanya muuza duka la taa,” akaondoka, na kwa miaka tisa hakukanyaga kwa kaka yake. Mimi nilizaliwa katikati ya ugomvi huo, nikamjua baba mkubwa kwa kumwona ng'ambo ya barabara, na mama Hedvika alipozikwa mwaka 1980 ndugu hao walisimama kila mmoja upande wake wa kaburi wasisalimiane, jambo lililomuuma marehemu hadi uzeeni.

Mwaka 1983 Lubor alimzika Ota Beran wa kikosi chake, wa pili kufa kwa mapafu, na kutoka makaburini akaenda moja kwa moja kwa kaka yake, akasimama mlangoni analia, na mama mkubwa Květa akasema, “Vua viatu, shemeji.” Marehemu akamvutia kiti.

Alistaafu mwaka 2001, akaugua mapafu Februari 2020, na daktari alipomuuliza kama alikuwa mchimbaji alijibu, “Hapana, mimi nilikuwa nakaa tu.” Alifariki tarehe 9 Novemba 2021, akiwa na umri wa miaka themanini, mkewe akimshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompunguzia maumivu, majirani waliotuletea supu na kuni, na wenzake wa mgodini mliokuja na sare zenu nyeusi.

Kwa desturi yetu jeneza la mtu wa mgodi hubebwa na kikosi, na baba yangu ameomba kikosi chake kimbebe kaka yake. Kwa hiyo Lubor, aliyebaki peke yake katika wale wanne, atashika pembe ya mbele, na pembe tatu zilizobaki watashika wajukuu.

Baba mkubwa, Mungu akupe pumziko la amani.