Fransisko Kobelo, Mkulima Aliyeandikwa Hana Shamba

Ndugu waombolezaji, poleni kwa safari na kwa utelezi wa njia yetu. Anayewasomea haya kwa niaba ya familia ni Winfrida, mtoto wa kwanza wa marehemu, na akikwama mtamvumilia.

Mzee Fransisko Kobelo alizaliwa tarehe 14 Agosti 1958 hapa Kinole, akasoma hadi darasa la saba, na kuanzia mwaka 1976 hadi 1983 alikata miwa Turiani, akarudi na baiskeli, redio na mgongo mbovu.

Tarehe 6 Oktoba 1984 alifunga ndoa na Josephina, na kwa kuwa kwetu Waluguru ardhi hupita kwa mama, alihamia kulima kwenye ardhi ya ukoo wa mkewe, akapanda mikarafuu, pilipili manga na migomba kwa miaka arobaini, akasomesha watoto wanne, bila hata siku moja kusema shamba ni lake.

Tarehe 27 Aprili 2024, baada ya mvua ya siku tisa, mlima ulimeguka ukaondoka na ekari zote mbili za shamba hilo. Mwezi uliofuata walikuja maofisa kuandikisha wakulima wa kupewa msaada wa maafa, wakamuuliza shamba ni la nani, naye, mtu asiyejua kupindisha maneno, akajibu kuwa ni la ukoo wa mkewe, basi karani akamwandika kibarua, na vibarua hawakuwa na fungu. Josephina alipokwenda mwenyewe alidaiwa hati, na ukoo wake haujawahi kuwa na hati, una makaburi ya bibi zake. Waliosema mashamba ni yao, wakiwemo wawili ambao hawakupoteza hata mgomba mmoja, walilipwa Septemba, na kwa kuwa wamekuja kutuzikia hatutawataja.

Marehemu alishuka mjini mara kumi na moja. Mara ya tisa ofisa mmoja alimhurumia, akamsogezea fomu, akamshauri aandike tu kuwa yeye ndiye mmiliki ili mambo yaishe, lakini mzee aliirudisha bila kuiandika, akisema hangeweza kuwatazama usoni wajomba wa watoto wake. Winfrida alimwita mbishi, akamnunia wiki mbili, na leo analisema hilo kwa aibu, maana pesa ile ndiyo ingekuwa miche mipya na dawa za presha.

Dawa zilikatika Januari 2025. Tarehe 2 Machi alianguka kwenye kifusi cha shamba akipanda miche aliyoomba kwa majirani, akalazwa kwa kiharusi, na tarehe 9 Machi, saa kumi na moja alfajiri, akatutoka.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliombeba kwenye machela hadi barabarani, na wenzake wa kikundi cha wakulima wa viungo. Tunaishukuru pia ofisi ile ya msaada wa maafa iliyoleta rambirambi ya shilingi elfu hamsini, ndiyo pesa pekee ya ofisi hiyo iliyowahi kufika nyumbani kwake, na safari hii hawakudai hati.

Jana wajomba hao hao, kaka zake Josephina, wakiongozwa na Mzee Amosi, walichimba kaburi upande wa juu wa shamba, mahali ambapo hajawahi kuzikwa mtu wa ukoo mwingine. Pumzika, baba, shambani kwako.