Mkamwana Aliyesikika: Maisha ya Alinanuswe Jairo Mwaijande, 1971–2025

Wachungaji, viongozi wa kata na kijiji, ndugu, majirani na nyote mliopanda vilima kuja kulia pamoja nasi hapa Suma, kwa niaba ya ukoo wa Mwaijande alikozaliwa na ukoo wa Mwasomola alikoolewa, mimi Jenifer Abrahamu Mwasomola, wifi yake, nimepewa kazi ya kuwasomea maisha ya mpendwa wetu, na naomba mnivumilie, maana mimi na yeye tulizoea kutaniana, kusifiana hatukuzoea.

Marehemu Alinanuswe alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 huko Igogwe, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Jairo Mwaijande na Mama Hellen, wakulima wa migomba, akasoma shule ya msingi hapohapo Igogwe kuanzia 1979 hadi 1985, kisha sekondari mjini Tukuyu hadi 1989, na mwaka 1991 akajiunga na chuo cha maendeleo ya jamii, alikohitimu mwaka 1993. Walimu wake walisema ni binti msikivu, jambo ambalo sisi wakweze tulilisikia kwa mshangao mkubwa.

Mwaka 1995 aliajiriwa kuwa afisa maendeleo ya jamii, akaanzia kata ya Lufingo, na tarehe 14 Desemba 1996 alifunga ndoa takatifu na kaka yangu Obed hapa Suma, wakajaliwa watoto wawili, Anyosisye aliyezaliwa 1998 na Elina aliyezaliwa 2002. Alipoingia kwetu alishika desturi ya wakamwana bila kulazimishwa, ile ambayo wazee wetu huiita ukutila, yaani mke wa mtoto hakutani uso kwa uso na baba mkwe wake, na ingawa sote tumebatizwa na mambo mengi yamelegea, yeye kwa zaidi ya miaka ishirini akimwona baba yangu, Mzee Abrahamu, anakuja njiani, aliingia migombani na viatu vyake vya ofisini, akatoka upande wa pili ana matope hadi magotini.

Mwaka 2016 alihamishiwa kata yetu ya Suma, na hapo ndipo ilipoanza kazi iliyomfanya ajulikane, pale alipoungana na Dkt. Mwanaheri Mansuri, mtafiti wa chuo kikuu aliyezaliwa Tukuyu, kuchunguza nafasi ya wanawake katika maamuzi ya maji. Mradi wa maji ulikuwa umeleta mabomba mawili mapya, na kamati ya maji, wazee watupu, mwenyekiti wake akiwa baba yangu, ililiweka la kwanza mbele ya banda la kupimia chai, mahali pazuri, pa wazi, penye mabenchi ambayo wazee hao hukalia kila siku. Bomba likakaa bila watu, wanawake wakaendelea kuteremka bondeni kwenye utelezi na ndoo kichwani, na kamati ikaamua kwamba kwa kuwa hawalitaki, bomba la pili lililobaki lipelekwe kijiji kingine.

Hapa nitasema jambo ambalo marehemu mwenyewe alilisimulia kila semina, tena akicheka, kwamba yeye na mwenzake waliitisha mkutano ofisini, wakauliza maswali, wazee wakajibu, wanawake wakanyamaza nje ya ukuta, na jioni ile marehemu akaandika kwa mkono wake kuwa wanawake wa Suma hawana mwamko wa masuala ya maji. Aliandika hivyo, kisha akatoka, akamwona Baba, akakimbilia migombani, na akiwa amechuchumaa humo akakuta wakamwana wenzake watatu wamejificha na ndoo zao. Alisema hajawahi kuona haya kama siku ile.

Akarudi kuanza upya, safari hii wanawake wakiwa ndio watafiti, wakiulizana wenyewe jikoni na kwenye mashamba ya chai, wakachora kwa majivu sakafuni njia zote za maji, na kila kona ambapo mkamwana husubiri mkwewe apite, na ikaonekana wazi kwamba kulifikia bomba lile kulimtaka kila mke wa kijiji apite mbele ya baba mkwe wake au ndugu zake. Hakuna aliyelikataa bomba, walikataa kuvunja heshima, na kama lile la pili lingeondoka, bonde lingebaki lao milele.

Tarehe 18 Novemba 2017 matokeo yalipelekwa mbele ya mkutano wa kijiji, nikachaguliwa mimi kuyasoma kwa sababu ni binti wa pale na sina mkwe Suma, nikasoma vizuri tu, mpaka mzee mmoja aliposimama kuuliza kama haya ya kujificha ni kweli au tumeyatunga mjini. Mimi sikuwahi kujificha, nikaanza kupekua karatasi zangu. Ndipo kutoka nyuma ya ukuta, walikosimama wanawake, ikasikika sauti ya Alinanuswe ikisema ni kweli, na watu wote wakamgeukia Baba. Baba yangu, ambaye wengi mnajua hasira zake, aliinuka polepole, akakamata benchi lake, akaligeuza likaelekea ukutani, akakaa akiwapa mgongo watu wote, akasema, "Wazee, geuzeni mabenchi. Nataka kuwasikia wakamwana wangu."

Wakageuza, wote. Wanawake wakaingia, wakasimama nyuma ya migongo ile, wakasema yao mpaka jua likazama, heshima ikiwa nzima na maneno yakiwa yametoka, na nilimwona wifi yangu akilia na kucheka kwa pamoja. Bomba la kwanza likahamishiwa kwenye njia ya migombani, la pili likabaki Suma, nusu ya kamati ikawa wanawake, na vijiji vya Lufingo vilikuja kujifunza kwetu namna ya kupanga mabenchi, nasi tuliringa na hatujaacha kuringa.

Mwezi Agosti 2023 marehemu alianza kusumbuliwa na figo, akatibiwa Igogwe na baadaye Mbeya, na katika muda huo wote aliandaa na wanawake wenzake katiba ya jumuiya ya watumia maji, inayotaka wakamwana wachaguliwe na wasemee maji yao wenyewe bila kusemewa. Aliaga dunia Jumanne tarehe 4 Machi 2025 hospitalini Igogwe, akiwa na miaka 53, ameacha mume, watoto wawili, mkamwana mmoja, Doreen, na wajukuu wawili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Igogwe na Mbeya, majirani waliopika na kuchimba, watumishi wenzake, Dkt. Mwanaheri, na wanawake wote wa utafiti, ndaga fijo, asanteni sana.

Mwisho ni tangazo. Mnajua kwetu msiba ukitokea kila kikao husimama, na tayari wapo waliopendekeza mkutano wa kupigia kura katiba, uliopangwa Jumamosi tarehe 15 Machi, usogezwe mbele hadi matanga yaishe. Marehemu aliniambia, sauti ikiwa imekwisha, "Wifi, mimi mnizike, mkutano msiuzike." Nilipomfikishia Baba maneno hayo aliagiza niwatangazie kwamba mkutano upo, siku ileile, na kwamba atakayesoma katiba ni Doreen, mke wa Anyosisye, kwa sauti yake mwenyewe.

Pumzika, wifi yangu, pumzika kwa amani, safari hii sitakusomea, wanasoma wenyewe.