Kibali cha Siku Moja

Kijiwe chetu ni benchi mbele ya saluni ya kinyozi, miguu mitatu ya mbao na wa nne wa matofali. Mimi nashona viatu pembeni, kwa hiyo nasikia yote, hata nisiyoyataka. Jioni ile kahawa ilikuwa kali na sisi wakali zaidi. Bungeni wanataka kukifuta Kifungu cha Tisa cha sheria mpya ya rushwa, kinachosema aliyefukuzwa kazi kwa kuripoti rushwa arudishwe. Cheche ni fundi wetu wa kuchomelea; dada yake ni muuguzi. Aliripoti wizi wa dawa wodini, akafukuzwa yeye, mwizi akapandishwa cheo. Kifungu kikifutwa, kazi yake ndiyo basi. Kesho tunaandamana.

— Mnajua kwa nini wanakiogopa? akauliza kinyozi, tunayemwita Spika kwa sababu hampi mtu nafasi ya kumaliza sentensi. Madereva wao! Dereva anajua bosi kashuka wapi na bahasha.

— Madereva wapi! akasema Cheche. Wapishi! Mpishi anajua nani kala kwa nani.

— Hamjui kitu nyie, akasema Spika. Wanataka kuibadilisha rushwa jina. Mwakani rushwa itaitwa pole ya kazi, na risiti utapewa.

— Na usipotoa, nikadakia, unashtakiwa kwa kukosa adabu!

— Wewe shona viatu.

— Si ndivyo hivi vya kuandamania, mheshimiwa!

Cheche akachomoa karatasi mfukoni, akaipeperusha.

— Kibali cha kuandamana hiki hapa, mhuri mbichi! Wenzetu wa mtaa wa pili wamezungushwa wiki tatu. Sisi siku moja tu!

Tukapiga makofi. Ndipo dada yake akafika na bango lake tupu na kopo la rangi. Hakuwahi kukaa kijiweni kwetu. Akaisoma ile karatasi mpaka chini.

— Mmekipataje kwa siku moja?

Spika akageuka kukung'uta taulo lake.

— Karani wa vibali aliniomba nimchomelee geti la kwake, akasema Cheche. Kirafiki tu.

— Ni rafiki yako?

— Nimemjua Jumanne hii.

— Ungekataa, angekupa?

Niliona aibu, sifichi, maana mimi ndiye niliyepiga makofi kwa nguvu zaidi.

— Lakini dada, Spika akajitutumua, ilikuwa kwa ajili yako!

— Yule mwizi wa dawa naye alisema ni kwa ajili ya wanawe.

Cheche akainuka. Nilidhani anaondoka. Kumbe anachukua lile bango. Akalilaza kwenye benchi, akakipigilia kibali katikati kwa misumari yangu ya viatu, akachovya brashi, akaandika: NILICHOMELEA GETI LA KARANI NIPEWE HIKI.

— Una wazimu? Spika akaruka. Watakufunga!

— Wanifunge na karani wao. Si wanasema anayeripoti rushwa hahitaji kulindwa? Basi naripoti, mbele ya lango la Bunge, mchana kweupe. Wanifukuze na mimi, tuone.

— Na wakituzuia njiani? Kibali chenyewe ndicho hicho kilichooza!

— Tutapita.

Dada yake akamsogezea kopo la rangi.

— Ongeza ukubwa wa herufi, akasema. Wanaokaa viti vya nyuma bungeni wasome vizuri.